Iringa, Njombe, Rukwa: mahindi tele, watoto wamedumaa. Tuache kusingizia elimu peke yake

Nyanda_Juu:

Wakuu salaam. Kila takwimu za lishe zikitoka watu wanashangaa upya kwamba mikoa inayolisha nchi ndiyo inayoongoza kwa udumavu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa kwa nchi nzima. Iringa ni karibu 57, Njombe 50, Rukwa nao wamo humo humo kwenye 50. Na majibu ni yale yale: hawana elimu ya lishe, wanapenda ulanzi (pombe ya mianzi), wanakula ugali na majani.

Elimu ina nafasi yake, sibishi. Lakini semina za lishe huko hazijaanza jana, na akina mama wengi watakutajia makundi ya vyakula bila kukosea. Kinachokosekana ni muda wa kumlisha mtoto, mtu mzima wa kubaki naye, na sauti juu ya fedha inayoingia baada ya mavuno.

Tufanye hesabu. Kaya ya watu 6, Januari, palizi imepamba moto. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka lita 25 kwa mtu kwa siku, na kituo cha maji kisiwe mbali zaidi ya mita 400. Tuseme kijiji kina bahati na sera imetimia. Lita 150 ni ndoo saba na nusu za lita 20. Ndoo moja kichwani kila safari, hizo ni safari 8 za mita 800 kwenda na kurudi, yaani kilomita 6.4, nusu yake ukiwa na kilo 20 kichwani. Na hapo ndipo kwenye makaratasi huduma "imefika". Weka kuni, weka shamba lililo mlima wa pili, weka jiko. Mtoto wa miezi 9 anabaki na dada yake wa miaka 7, na chakula chake ni uji uliopikwa alfajiri. Atakula tena jioni mama akirudi. Umri huo anatakiwa ale milo 3 hadi 4 na asusa katikati.

Fedha nayo. Mahindi yanauzwa Juni hadi Agosti bei ikiwa chini, maana deni la mbolea na michango ya shule havisubiri. Januari kaya hiyo hiyo inanunua mahindi kwa bei ya juu. Mayai, maziwa na maharage ndiyo yanatoka kwanza kwa kuwa yana mnunuzi wa karibu. Na zao likishakuwa la biashara, fedha yake inahama kutoka kwa mama kwenda kwa baba. Wenye kufanya kazi hizi karibuni mshushe nondo.

Kibuyu_Kizima:

Mkuu unawatetea sana. Kuna kaya ina ng'ombe watatu na magunia 40 ghalani, mtoto kadumaa. Hiyo nayo ni umaskini? Vilabu vinajaa kuanzia saa nne asubuhi. Tuseme ukweli.

Nyanda_Juu:

Swali zuri, na ndilo linaloonyesha kwamba si suala la kipato peke yake. Magunia 40 yametoka kwenye ekari nyingi, na ekari nyingi zinataka mikono mingi. Mikono hiyo ni ya nani? Kaya ikipanua shamba bila kuongeza kibarua wala jembe la kukokotwa, saa za ziada zinatoka kwa mama, na za mama zinatoka kwa mtoto. Ndiyo maana unakuta kaya yenye nacho ina mtoto mfupi kama wa jirani asiye nacho.

Pombe ipo, sikatai. Ila angalia mpishi wa pombe ni nani. Kwa wanawake wengi vijijini kupika komoni au kuuza ulanzi ndiyo fedha pekee isiyopitia mkononi mwa mume. Ukipiga marufuku bila kuweka kingine, umekata fedha ya sabuni, ya dagaa na ya nauli ya kliniki. Sheria ndogo ya kijiji inayobana saa za kufungua vilabu inasaidia zaidi kuliko msako. Na wa kulengwa ni anayekunywa tangu asubuhi siku za kazi, si anayepika.

Ubao_na_Mizani:

Kabla hatujafika mbali, tuwekane sawa kwenye kipimo, maana wengi hapa wanachanganya kudumaa na kukonda.

Ule utepe wa rangi wa mkononi unapima ukondefu kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, ukondefu mkali, 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, 12.5 kwenda juu ni kijani. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa kijani kabisa, mashavu yamejaa, mama anasifiwa. Kudumaa ni urefu kwa umri, na bila ubao wa urefu huwezi kuuona udumavu. Vituo vingi vina mizani na utepe lakini ubao hakuna, au upo umefungiwa stoo kwa sababu unataka watu wawili kupima.

Namna ya kupima: aliye chini ya miaka 2 analazwa, mwenye miaka 2 na zaidi anasimama. Ukimsimamisha anayetakiwa kulala utapata pungufu kama sentimita 0.7, na hiyo inatosha kumhamisha mtoto kundi. Vua viatu, fungua nywele zilizobanwa juu. Msaidizi ashike kichwa kigonge ubao wa juu, mpimaji anyooshe magoti na kusukuma ubao wa chini hadi unyayo wote uguse. Magoti yakikunjwa ndipo unapata mtoto "aliyepungua" urefu tangu robo iliyopita.

Kwa makadirio ya haraka: mvulana wa miaka 2 kamili anayepimwa amesimama, chini ya sentimita 81 amedumaa. Msichana ni chini ya 79.3. Umri utoke kwenye kadi ya kliniki. Umri wa "alizaliwa wakati wa kupanda" unaharibu data ya kijiji kizima.

Bibi_Ulezi:

Nami niongezee kwenye uji, kwa sababu hapo ndipo kazi inapoharibika.

Uji mwepesi wa kunywewa kwenye kikombe una kama gramu 20 hadi 25 za unga kwenye mililita 250. Hiyo ni kilokalori 70 hadi 90 hivi. Tumbo la mtoto wa kilo 8 linabeba mililita 240 hivi kwa mlo mmoja. Kwa hiyo hata ukimpa mpaka ashibe, umempa maji. Ukiufanya mzito wa gramu 50, unakuwa kama ugali laini na mtoto wa miezi 8 hauwezi.

Dawa yake inajulikana tangu zamani: kimea. Loweka ulezi usiku kucha, mwaga maji, tandaza kwenye kitambaa chenye unyevu na ufunike siku mbili huku ukinyunyizia maji. Ukishaota vijimizizi anika juani mpaka ukauke kabisa, pukuchua mizizi, saga. Pika uji mzito, epua, uache upoe mpaka unyweke. Ndipo utie kijiko kimoja cha chai cha kimea na ukoroge. Ndani ya dakika chache utalainika wenyewe bila kuongeza maji. Ukitia uji ukiwa unachemka umeua kimeng'enya, hautalainika, na utasema kimea hakifanyi kazi. Baada ya kulainika rudisha jikoni uchemke kidogo, kwa usalama. Tumia ulezi, usitumie mtama ulioota, machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi.

Kisha tia kijiko cha kulia cha karanga zilizosagwa, kama gramu 15. Sasa bakuli moja lina kilokalori 260 hivi. Mara tatu ya ule wa kikombe, kwa ujazo ule ule.

Na jamani, "unga wa lishe" wa nafaka saba si lishe. Mahindi, ngano, mchele, ulezi, uwele, zote ni kundi moja. Mkichanganya humo soya mbichi na karanga, unga unachacha mafuta ndani ya wiki chache na soya inamsumbua mtoto tumbo. Nafaka moja inatosha. Karanga, yai, maziwa au dagaa wa kusagwa viingie wakati wa kupika.

Kibuyu_Kizima:

Bibi shikamoo. Karanga si ndizo zenye sumukuvu, ile sumu ya ukungu?

Bibi_Ulezi:

Marahaba mwanangu. Ndizo, na mahindi pia. Ile sumukuvu ya 2016 kule Dodoma na Manyara iliyoua watu ilitoka kwenye mahindi. Chagua karanga kabla ya kukaanga: iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi, tupa. Usimpe kuku, itarudi kwenye mayai. Kukaanga hakuondoi sumu yote.

Robo_ya_Nne:

Naona mnaingia jikoni. Mimi nirudi kwenye fedha, maana mama hawezi kupika kimea cha bajeti ambayo haikutoka.

Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 kutoka mapato ya ndani. Wakuu wa mikoa wanasaini mkataba wa lishe tangu 2017 na kiashiria hiki kimo. Halmashauri yenye watoto 30,000 inatakiwa milioni 30 kwa mwaka. Si fedha nyingi, lakini fuatilia inavyokwenda:

Kutenga si kutoa. Kwenye kitabu cha bajeti utaikuta yote. Ikitoka, mara nyingi inatoka robo ya nne, Mei au Juni, mwaka wa fedha unafungwa. Wakati huo cha kufanya haraka ni kikao, mafunzo na maadhimisho, kwa hiyo inaishia kwenye posho, mafuta na fulana. Miezi ya njaa, Januari hadi Machi, imeshapita. Unaweza kupata alama ya kijani kwenye kadi ya tathmini huku hakuna mtoto aliyeonja chochote.

Cha kudai kwa diwani kwenye baraza si "mmetenga?" bali maswali matatu: imetoka kiasi gani kufikia Desemba, imeenda kijiji gani, imenunua nini. Akijibiwa kwa asilimia, aombe namba ya hati ya malipo. Kituo cha afya nacho kina akaunti yake tangu utaratibu wa fedha kwenda moja kwa moja vituoni uanze 2017/18. Kamati ya usimamizi wa kituo inaweza kuweka ubao wa urefu kwenye mpango wa mwaka. Wajumbe wengi hawajui kwamba wana mamlaka hayo, mganga mfawidhi anaandaa mpango, wao wanasaini.

Chai_Mkono:

Kuna kundi mmelisahau: vibarua wa mashamba makubwa. Chai Mufindi, misitu, pareto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi siku 84 yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mmoja, na akirudi apewe hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Mtoto anatakiwa kunyonya maziwa ya mama pekee miezi 6, ambayo ni siku 180. Kwa hiyo hata mwenye ajira kamili sheria imempa chini ya nusu.

Sasa kibarua: aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa kawaida hana haki ya likizo yenye malipo, isipokuwa aliyeajiriwa kwa msimu. Analipwa kwa kilo ya majani. Saa 2 za kunyonyesha kwake ni kilo ambazo hakuchuma, hata kama hakuna aliyemkataza. Wengi wanarudi shambani mtoto akiwa na wiki chache, na hapo uji mwepesi unaanza mwezi wa pili au wa tatu. Unampa elimu ya kunyonyesha mtu huyu? Anaijua. Kinachofanya kazi ni banda la kulelea watoto pembezoni mwa shamba lenye mlezi anayelipwa, na makubaliano kwamba saa za kunyonyesha zihesabiwe kwa wastani wa kilo zake za wiki. Chama cha wafanyakazi kiweke hilo kwenye mkataba wa hali bora, si kwenye barua ya kuomba.

Mkongwe_wa_Kalenga:

Vijana, Iringa ilishawahi kulifanya hili. 1983 ulianza mpango wa pamoja wa lishe wa serikali, UNICEF na WHO kwa fedha za Italia, vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kila miezi mitatu siku ya afya ya kijiji, matokeo yanasomwa hadharani, kisha wanakijiji wenyewe wanauliza: wangapi, kwa nini, tufanye nini. Halafu robo inayofuata wanapima tena. Utapiamlo mkali ulishuka sana ndani ya miaka mitano.

Ambacho watu wanasahau ni kwamba majibu ya "kwa nini" hayakuwa ya chakula tu. Yalikuwa mzigo wa kazi wa akina mama, na vijiji vikaanzisha vituo vya kulishia watoto. Fedha za wafadhili zilipokwisha, kupima kulibaki lakini mkutano ukafa. Leo SALIKI, yaani Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inafanyika, takwimu zinapanda kwenda wilayani, kijiji hakisomewi. Kupima bila kurudisha majibu ni kumchosha mama foleni.

Ubao_na_Mizani:

Mzee umenena. Na mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila miezi mitatu, SALIKI nayo kila miezi mitatu. Zipangwe wiki moja. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii asome kwa kitongoji, bila majina ya watoto: kitongoji fulani wamepimwa 42, waliodumaa 19, hawakuletwa 11. Hao 11 ndio muhimu, mara nyingi ndio wa kaya za mbali au wanaolelewa na bibi. Njombe na Iringa ndiyo inaongoza kwa VVU nchini, Njombe ikiwa juu ya asilimia 12 kwa watu wazima, kwa hiyo bibi anayelea wajukuu watatu si jambo la nadra. Yeye hatembei kilomita 7 kwenda kituoni. Mfuate.

Mtaalamu_Choo:

Vyoo na kunawa je? Mbona hamgusi?

Ubao_na_Mizani:

Vinahitajika kwa kuhara na kipindupindu. Kwa urefu peke yake, majaribio makubwa hayakuleta matumaini. Utafiti wa SHINE wa Zimbabwe, matokeo ya 2019, uliwapa kaya choo bora na vifaa vya kunawa: watoto hawakurefuka. Waliopewa elimu ya ulishaji pamoja na nyongeza ya chakula kila siku walirefuka, ingawa kidogo. Maelezo ya wengi ni kwamba choo cha shimo hakitoshi wakati uwanja anaotambaa mtoto umejaa kinyesi cha kuku. Kwa hiyo jenga banda la kuku, weka mkeka au uzio mdogo wa kuchezea mtoto. Ni rahisi kuliko choo cha pili na ndiko uchafu unakoingilia mdomoni.

Nyanda_Juu:

Turudi kwenye kituo cha kulelea, maana ndicho kinachogusa muda wa mama moja kwa moja. Naweka hesabu ya watoto 20, siku 26 za mwezi, uji mara mbili kwa siku kwa kipimo cha Bibi.

Unga gramu 100 kwa mtoto kwa siku, kilo 2 kwa kituo, kilo 52 kwa mwezi. Karanga gramu 30 kwa mtoto, gramu 600 kwa siku, kilo 15.6 kwa mwezi. Kwa kila mtoto ni kilo 2.6 za unga na kilo 0.8 za karanga kwa mwezi. Kaya nyingi zinaweza. Tatizo ni lini zinachanga. Ukianza kukusanya Januari, mahindi hayapo. Kusanya Julai, yote ya miezi sita, yahifadhiwe ofisi ya kijiji.

Vituo hivi hufa kwa sababu tatu. Walezi wa kujitolea wanaacha mwezi wa tatu. Wazazi wawalipe kidogo kwa wiki, au wapaliliwe shamba kwa zamu, kiandikwe kwenye muhtasari wa mkutano. Pili, wakubwa wa miaka 4 na 5 wanakuja na kumaliza chakula cha wa mwaka mmoja. Wekeni mwisho miaka 3. Tatu, kituo kimoja kwa kijiji chenye vitongoji 6 ni mbali, mama hapiti huko. Kiwe njiani kuelekea mashambani. Na mwoneni afisa ustawi wa jamii mapema, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo kisajiliwe.

Mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya wenye ulemavu, unaweza kununua mashine ya kusaga na kukoboa karibu na kitongoji. Hauna riba. Kinu cha karibu kinaokoa saa nyingi za mama kila wiki kuliko mradi wowote wa ufugaji wa kuku.

Kibuyu_Kizima:

Sawa, nimeelewa. Ila hiyo ya kuuza mahindi yote Julai mtaizuiaje? Mwenye shamba ni baba.

Bibi_Ulezi:

Humzuii kuuza, unatenga kwanza. Kadiria gunia la kilo 100 kwa mtu kwa mwaka. Kaya ya watu 6, magunia 6 yanatoka kwenye hesabu ya kuuza kabla dalali hajafika. Vijiji vingine vinaweka hili kwenye sheria ndogo, lakini inafanya kazi zaidi kwenye kikundi cha VICOBA: anayetaka mkopo wa mbolea aonyeshe kwanza magunia ya chakula yamefungwa.

Na yafungwe kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani. Funga wa kwanza kwa kamba, kunja, funga tena, kisha wa pili, kisha gunia la nje. Hauhitaji dawa, wadudu wanakosa hewa. Faida nyingine ni kwamba ukishafungwa watu hawaufungui ovyo kuuza debe moja moja.

Ila mahindi yakiingia mabichi yataota ukungu humo humo na sumukuvu juu yake. Pima hivi: chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi robo ya chupa na kijiko cha chumvi iliyoanikwa juani. Funga, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi kwenye turubai siku mbili kisha upime tena.